Tudai pesa zaidi za shule za umma wakati zilizopo hazionekani?

Mzazi mmoja, mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya umma, ameniuliza hivi: "Kila mwaka tunasikia bajeti ya elimu imepanda. Shuleni kwetu hatuoni kitu. Wazazi tunachangishwa vilevile, na wapo watoto wa darasa la nne ambao hawajaweza kusoma aya moja wakaielewa. Nikisimama kwenye kikao kudai serikali iongeze pesa, nawajibu nini wanaosema zitaliwa tu kama zile za mwanzo?"

Ndugu yangu, dai pesa zaidi, na uzidai bila kuona haya. Ila kabla ya kusimama, jua ni pesa zipi unazodai, kwa sababu upotevu mkubwa kuliko wote katika elimu ya umma hauna mwizi. Unatokea pale serikali inapolipa sehemu kubwa ya gharama ya kumfundisha mtoto, kisha ikanyima ile sehemu ndogo ya mwisho ambayo bila hiyo sehemu kubwa haizai matunda. Wanaosema "pesa zimeliwa" mara nyingi wanaona matokeo ya ukata huo na kuyaita wizi. Wizi nao upo, nitaufikia.

Anza na mishahara. Katika nchi nyingi za kipato cha chini, mishahara huchukua zaidi ya asilimia 80 ya matumizi ya kawaida ya elimu ya msingi, na zipo zinazopita 90. Hilo halina maana kwamba walimu wanalipwa vizuri. Fungu lenyewe ni dogo, na mshahara ndio deni lisilokwepeka mwisho wa mwezi. Sasa tuseme fungu lote la shule ni 100, na mishahara inachukua 92. Zimebaki 8. Humo ndani mna vitabu, chaki, karatasi za mitihani, matengenezo ya paa, maji, vyoo, vifaa vya watoto wenye ulemavu, mafunzo ya walimu walio kazini na safari za wakaguzi. Hazina ikipungukiwa katikati ya mwaka, haithubutu kugusa ile 92, kwa sababu walimu watagoma na mahakama zinaweza kuwaunga mkono. Inakata kwenye 8. Ikiondoa 4, taarifa itasema bajeti ya elimu imepungua kwa asilimia 4, na waziri atasema ni marekebisho madogo. Darasani, kila kitu kisicho mwalimu kimepungua kwa nusu.

Hesabu hiyo ukiigeuza ndiyo hoja yako kubwa kikaoni. Ongeza 8 juu ya 100, na umezidisha mara mbili kila kitu ambacho mtoto anakishika, anakisoma na kukikalia. Ni mahali pachache katika bajeti ya serikali ambapo nyongeza ndogo namna hiyo inaweza kubadili mazingira ya kazi kiasi hicho. Mwalimu wa 92 tayari yupo na tayari analipwa. Bila vitabu, mshahara wake ni jembe lisilo na mpini: umeshalinunua, umeshalilipia, na shamba halilimwi.

Chukua kitu kimoja tu, kusahihisha madaftari. Mwalimu ana darasa la watoto 80. Amewapa zoezi la kuandika sentensi tano. Akitumia dakika 2 kwa kila daftari, muda ambao ni mfupi mno kuona mtoto amekosea wapi na kumwandikia sahihisho, amemaliza dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40, kwa somo moja la siku moja. Akiwa na masomo matatu ya namna hiyo, ni saa 8 za kusahihisha baada ya siku nzima ya kusimama. Hakuna binadamu anayeweza. Kwa hiyo anafanya kile ambacho kila mwalimu mwenye akili timamu angefanya: anapunguza mazoezi, anapiga vema bila kusoma, au anawaambia watoto wabadilishane madaftari wasahihishane huku yeye akisoma majibu ubaoni. Mtoto aliyeandika "alikuwa" kama "alikua" leo ataendelea kuandika hivyo hadi darasa la saba, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewahi kulitazama neno lile.

Mkaguzi akija ataandika kwamba mwalimu hatoi mazoezi ya kutosha. Ni kweli, hatoi. Lakini tabia hiyo imezaliwa na idadi ya watoto, na idadi hiyo imezaliwa na uamuzi wa kifedha uliofanywa mbali na shule. Darasa likigawanywa mara mbili, mwalimu yuleyule, kwa muda uleule, anapata nafasi mara mbili kwa kila mtoto. Watu hupenda kuzungumzia "ari ya walimu" kana kwamba ari huelea hewani. Ari inaishi ndani ya saa na dakika.

Madarasa hayo hayakufurika kwa bahati mbaya. Malawi ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 1994, wanafunzi walipanda kutoka takribani milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 ndani ya mwaka mmoja. Kenya ilipofanya hivyo mwaka 2003, walipanda kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mimi nayahesabu maamuzi hayo kuwa miongoni mwa mazuri kabisa yaliyowahi kufanywa kwa ajili ya watoto wa Afrika, na siwezi kukubaliana na anayesema heri ada zirudi. Walioingia walikuwa watoto waliokuwa wamefungiwa nje kwa kosa la kuzaliwa katika familia isiyo na pesa. Ila mlango ulifunguliwa kwa haraka, na madarasa, walimu na vitabu vikafuata kwa mwendo wa kobe. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 26, linasema elimu itolewe bure angalau katika hatua za mwanzo. Elimu isiyolipiwa na mzazi lazima ilipiwe na mtu mwingine. Isipolipiwa na hazina ya taifa, mtoto ndiye anayeilipia, kwa miaka anayokaa darasani bila kujifunza.

Sasa nije kwa wizi, kwa sababu wenzako kikaoni hawatakusikiliza usipougusa.

Mfano unaojulikana sana miongoni mwa wanaofuatilia fedha za shule ni wa Uganda. Wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ya uendeshaji ambayo serikali kuu ilituma kwa shule za msingi katika miaka ya 1991 hadi 1995. Walilinganisha kilichoandikwa hazina na kilichoandikwa katika vitabu vya shule zenyewe. Kwa wastani, asilimia 13 tu ndiyo iliyofika. Zilizobaki zilikwama ngazi ya wilaya, nyingine zikitumika kwa mambo mengine, nyingine zikiingia katika siasa za mitaani. Shule nyingi hazikupokea hata senti, na walimu wakuu wengi hawakujua kwamba kuna pesa walizostahili kupokea.

Baada ya hapo serikali ilianza kutangaza kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi walichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa inafika. Wapo waliosema baadaye kwamba matangazo hayastahili sifa yote, kwa kuwa wakati uleule mfumo mzima wa kutuma fedha wilayani ulibadilishwa na kubanwa. Naona wana hoja. Lakini hilo halipunguzi uzito wa tukio: pesa zilizokuwa zinavuja zilizibwa, na hakuna aliyelazimika kukata bajeti ya shule ili kuziba. Anayekuambia tusiongeze pesa kwa sababu zinavuja, mjibu kwamba tundu huzibwa kwa mwanga. Ukipunguza pesa huku tundu limeachwa, anayechota bado anachota chake kwanza, na shule ndiyo inayobaki na upungufu.

Kuhusu bajeti "kupanda", hapo ndipo wazazi wengi wanapofungwa macho. Chukua mfano wa tarakimu tu: bajeti imepanda kwa asilimia 8. Makofi. Lakini mwaka huohuo bei zimepanda kwa asilimia 6, na idadi ya wanafunzi imeongezeka kwa asilimia 4. Gawanya 108 kwa 106, kisha kwa 104, na utaona kwamba uwezo wa pesa hizo kwa kila mtoto umeshuka kwa takribani asilimia 2. Bajeti imepanda na mtoto amepunguziwa, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Tena hapo tunazungumzia kilichotengwa. Kilichotolewa ni habari nyingine, na kilichotolewa mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha, wakati shule imeshamaliza mihula yake, ni habari nyingine kabisa. Usikubali kujadili tarakimu ya bajeti ya elimu ambayo haijagawanywa kwa idadi ya wanafunzi na haijaondolewa mfumuko wa bei.

Atasimama msomi mmoja hapo kikaoni aseme utafiti umeonyesha pesa hazibadili matokeo. Huenda anarejea, hata asipojua, ripoti ya James Coleman iliyotoka Marekani mwaka 1966. Ilikusanya taarifa za wanafunzi zaidi ya 600,000 na kuhitimisha kwamba hali ya nyumbani inaeleza tofauti za matokeo zaidi kuliko rasilimali za shule. Kwa miongo kadhaa hoja hiyo ilitumiwa kubana bajeti. Shida yake ni kwamba shule zenye watoto wenye uhitaji mkubwa mara nyingi hupewa fedha za ziada kwa sababu ya uhitaji huo. Ukilinganisha tu matumizi na alama, unaweza kuona pesa nyingi mahali penye alama za chini ukadhani pesa hazisaidii, sawa na kusema dawa haifai kwa kuwa wanaoitumia ndio wagonjwa.

Njia bora ya kupima ni kutafuta mahali ambapo pesa ziliongezwa kwa sababu isiyohusiana na watoto wenyewe. Marekani ilitoa nafasi hiyo. Kuanzia miaka ya 1970 mahakama za majimbo, California ikitangulia mwaka 1971, ziliamua kwamba kuzifadhili shule kwa kodi ya majengo ya eneo husika kunawapunja watoto wa maeneo maskini, na majimbo mengi yakalazimika kubadili mgao. Kirabo Jackson, Rucker Johnson na Claudia Persico waliwafuatilia watoto waliozaliwa kati ya 1955 na 1985 hadi utu uzima, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Nyongeza ya asilimia 10 ya matumizi kwa kila mwanafunzi, ikidumu kwa miaka yote 12 ya shule, iliongeza mshahara wa ukubwani kwa takribani asilimia 7 na kupunguza uwezekano wa kuishi katika umaskini. Watoto wa familia maskini ndio waliofaidika zaidi. Angalia maneno "ikidumu kwa miaka yote 12". Mradi wa miaka miwili unaokuja na bango na kuondoka na bango haumo katika hesabu hiyo.

Na hili si la nchi tajiri peke yake. Indonesia, ikiwa na pesa za mafuta, ilijenga zaidi ya shule za msingi 61,000 kati ya mwaka 1973 na 1978, nyingi zikipelekwa maeneo yaliyokuwa nyuma. Esther Duflo, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, alionyesha kwamba kila shule mpya kwa kila watoto 1,000 iliongeza miaka ya masomo na kupandisha mishahara ya waliofikiwa, kwa asilimia 1.5 hadi 2.7.

Lakini nisikufiche upande wa pili, kwa sababu ukiufahamu utadai vizuri zaidi. Indonesia hiyohiyo, baada ya sheria ya walimu ya mwaka 2005, iliwapa walimu waliothibitishwa kuwa na sifa nyongeza iliyofanya mshahara wao wa msingi kuwa mara mbili. Watafiti walipopima shuleni, walimu walikuwa wameridhika zaidi na madeni yamewapungua, na wanafunzi hawakuwa wamejifunza zaidi. Kenya, vitabu vya kiada viligawiwa kwa shule za vijijini katika jaribio lililofanyiwa tathmini na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na wengi hawakuweza kuvisoma. Tanzania, jaribio kubwa katika shule 350 lilionyesha kwamba ruzuku pekee haikuinua alama za watoto. Shule zilizopata ruzuku pamoja na bonasi kwa walimu iliyofungamanishwa na kujifunza kwa wanafunzi ndizo zilizopanda waziwazi, kuliko jumla ya athari za kila kimoja peke yake.

Matokeo haya husomwa na wanaobana bajeti kama ushahidi wao. Mimi nayasoma kinyume. Yanasema kwamba shule ni kazi ya vitu vinavyotegemeana, na kuleta kimoja huku vingine vimekosekana ni kuilipia nusu ya huduma. Kitabu kinataka mtoto anayeweza kukisoma, kwa lugha anayoifahamu. Mwalimu anayelipwa vizuri anataka darasa linalofundishika na mtu wa kumfuatilia. Ruzuku inataka mwalimu mwenye sababu na muda wa kuitumia. Mkono mtupu haulambwi, ni kweli, na mkono uliojaa kitu kimoja tu hauwezi kuilisha shule.

Kuhusu michango, naomba usiichukulie kama jambo dogo la kuvumiliana. Ripoti ya UNESCO ya ufuatiliaji wa elimu duniani ya mwaka 2021/2 ilikadiria kwamba familia hubeba karibu asilimia 39 ya gharama za elimu katika nchi za kipato cha chini na cha chini cha kati, dhidi ya asilimia 16 katika nchi tajiri. Kwa maneno mengine, mzazi maskini anabeba sehemu kubwa ya mzigo kuliko mzazi wa nchi tajiri. Mchango wa shule ni kodi, tena kodi mbaya kuliko zote, kwa sababu kila familia hutozwa sawa bila kujali kipato, na adhabu ya kutolipa anaibeba mtoto kwa kurudishwa nyumbani. Isitoshe, shule iliyo katika kata yenye uwezo inakusanya nyingi, na iliyo katika kata ya mafukara inakusanya kidogo, kwa hiyo pengo ambalo elimu ya umma iliundwa kulipunguza linapanuliwa na elimu ya umma yenyewe. Nawaheshimu wazazi wanaochanga. Wanaokoa mwaka wa masomo. Ila kamati iandike kila mchango kama deni la serikali kwa shule, kwa tarehe na kiasi, ili siku ya kudai uwepo ushahidi.

Je, kiasi gani kinatosha? Nchi zilizokutana Incheon, Korea Kusini, mwaka 2015 zilikubaliana juu ya viwango viwili: asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya serikali. Ni vipimo vizuri vya kumbana waziri. Kwa shule yako havikusaidii sana, kwa sababu nchi inayokusanya kodi kidogo inaweza kufikisha asilimia 20 na bado mtoto akapata kiduchu, na nchi yenye watoto wengi inahitaji zaidi ya yenye wazee wengi. Mimi napendelea kuanzia chini: mtoto mmoja anahitaji nini kwa mwaka mmoja ili asome? Nafasi katika darasa lisilozidi idadi inayofundishika, mwalimu aliyefunzwa, kitabu chake mwenyewe kwa kila somo kuu, choo safi, maji, na msaada wa ziada akibaki nyuma. Vipigie bei, zidisha kwa idadi ya watoto, na hiyo ndiyo bajeti inayotosha. Mtoto mwenye ulemavu au anayeishi mbali na shule atagharimu zaidi, na mgao wa haki ni ule unaomfuata kwa nyongeza hiyo.

Watakuambia hazina haina. Mara nyingine ni kweli kwamba haina nyingi, hasa pale malipo ya madeni yanapoitangulia kila huduma. Basi uliza juu ya misamaha ya kodi: nani amesamehewa, kiasi gani, na kwa faida gani iliyothibitishwa. Serikali nyingi hazichapishi orodha hiyo kwa ukamilifu, na mbunge wako ana haki ya kuiomba.

Kikaoni, usianze na dai la taifa. Nenda na daftari la mapokezi ya shule kwa miaka mitatu iliyopita. Andika safu nne: ruzuku iliyotangazwa kwa kila mwanafunzi, iliyopokelewa, tarehe ilipopokelewa, na idadi ya wanafunzi siku hiyo. Pembeni weka michango ya wazazi kwa miaka hiyohiyo. Ukiona iliyopokelewa ni pungufu ya iliyotangazwa, swali lako linaanzia ngazi ya wilaya. Ukiona imepokelewa yote na bado haitoshi vitabu, swali linakwenda bungeni. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani shuleni, mahali ambapo kila mzazi anayemleta mtoto ataisoma, na nakala ipelekwe kwa diwani kabla ya vikao vya bajeti kuanza, kwa sababu baada ya makadirio kupitishwa utakuwa umechelewa kwa mwaka mzima.